Vidonge vya kuamsha homoni ya ujana: madai yake yapimwe vipi?

Mzabibu wa Hombolo:
Habari zenu, wakuu. Baba yangu mdogo, mstaafu wa miaka 66 anayeishi hapa Dodoma, ameuziwa kopo la vidonge vinavyodaiwa kuchochea homoni ya ukuaji, kupunguza kitambi na kurudisha nguvu za misuli. Lebo inataja arginini (aina ya amino asidi, yaani kijenzi cha protini) miligramu 500 kwa kidonge, na kipeperushi kinasema kwamba utafiti wa Marekani wa mwaka 1990 umethibitisha hayo. Yeye ana kisukari na anatumia metformini kwa miaka mingi. Je, madai haya yana msingi wowote?

Mfamasia wa Area D:
Utafiti huo upo kweli, na ndiyo maana wauzaji wanaupenda. Daniel Rudman na wenzake waliwapa homoni ya ukuaji wanaume 12 wa umri wa miaka 61 hadi 81 kwa muda wa miezi 6, na uzito wa mwili usio wa mafuta ukaongezeka kwa asilimia 8.8, huku mafuta yakipungua kwa asilimia 14.4. Lakini walichomwa sindano mara tatu kwa wiki. Hakuna aliyemeza kidonge. Homoni hiyo ni protini yenye amino asidi 191, na ukiimeza tumbo huimeng'enya kama linavyomeng'enya nyama ya mbuzi. Ndiyo sababu watengenezaji huweka arginini na kudai kwamba "inaamsha" tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo na inayotoa homoni hiyo. Ni kweli kwamba hospitalini arginini hutumika kupima tezi ya pituitari, ila huko hutolewa kwa dripu na kwa kiasi kinachofika gramu 30. Linganisheni na hizo miligramu 500. Mwaka 2003 mhariri wa jarida lililochapisha utafiti huo, Jeffrey Drazen, aliandika kulalamikia matangazo yanayoutumia vibaya.

Nesi wa Chamwino:
Naongeza jambo linalomhusu mzee mwenyewe. Homoni ya ukuaji hupingana na insulini na kupandisha sukari, hivyo kama vidonge hivyo vingefanya kazi inayotangazwa, yeye angekuwa mtu wa mwisho wa kuvitumia. Bora avisitishe, kisha apeleke kopo lenyewe kliniki ya kisukari, kwa sababu daktari anahitaji kusoma lebo, wala si kusimuliwa.

Mzabibu wa Hombolo:
Asanteni sana. Tatizo ni kwamba amevinunua kwa sababu ya uchovu na ganzi miguuni, na anasema hakuna aliyemsikiliza.

Mfamasia wa Area D:
Hilo ndilo lingetajwa tangu mwanzo, ndugu yangu. Metformini ikitumika miaka mingi inaweza kupunguza ufyonzaji wa vitamini B12, na upungufu wake huleta uchovu na ganzi. Kisukari chenyewe pia huharibu mishipa ya fahamu ya miguu. Aombe kupimwa B12 na wingi wa damu, na miguu yake ikaguliwe siku hiyohiyo.