Mjadala: Kaya yenye watu wengi ndiyo inayovuna zaidi?

Mkulima, Magu
Juzi kwenye kikao cha kijiji mzee mmoja alitusema sana sisi vijana wa watoto wawili. Yeye ana wake watatu na watoto kumi na sita. Ekari zake nane za pamba zikipaliliwa siku nne tu, kazi imekwisha. Mimi na mke wangu ekari mbili zinatushinda, tukimaliza upande huu, ule mwingine umeshageuka pori. Naona mzee ana haki: bila watu, hakuna mavuno. Anayebisha aje.

Mama Misungwi
Nabisha, kaka. Pamba ya mwishoni mwa Novemba inataka palizi Januari nayo, shule zikiwa zimefunguliwa. Hao kumi na sita wanapalilia saa ngapi? Na watu ishirini wanamaliza gunia la mahindi la kilo 100 kwa siku kumi hivi. Halafu kuna kitu umekiruka: mzee analima kwa nini, jembe la mkono?

Mkulima, Magu
Ana plau mbili na maksai wanne.

Mama Misungwi
Basi! Mvua ya kwanza ikidondoka, kesho yake yuko shambani. Wewe unasubiri wenye ng'ombe wamalize kwao ndipo wakukodishe. Umeshachelewa kabla hata gugu halijaota.

Bwana shamba mstaafu, Sengerema
Mama amesema kweli, ila maksai nao si kila kitu. Nimezunguka vijijini miaka mingi. Kilichonisumbua ni nyumba ambazo anayelima siye anayeamua. Tangu ruzuku hii ya sasa ya mbolea ianze 2022, mkulima husajiliwa ndipo anunue kwa bei nafuu. Unakuta aliyeandikishwa ni baba, na baba yuko kambini kwenye dagaa. Mama amesimama na mahindi yanayogeuka njano, pesa hana, simu yenye usajili hana. Kaya hiyo ina watu tisa! Itakusaidia nini hesabu ya watu hapo?

Mjane, Ukerewe
Huku kisiwani ardhi yenyewe ni vipande. Nalima mihogo na viazi nusu ekari, na shemeji zangu wananikumbusha kila mwaka kwamba shamba ni la ukoo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa, nimesomewa. Lakini nitamwaga samadi kwenye udongo ninaoweza kufukuzwa kesho? Simwagi.

Mkulima, Magu
Haya, kuhusu maksai nimekubali, pesa ya pamba ya msimu huu inanunua madume mawili. Bado nasema mikono ina kazi yake, hasa kuchuma. Ila mke wangu amesoma haya yote ananiuliza: madume hayo yakinunuliwa kwa pamba aliyoipalilia yeye, yatakuwa ya nani? Wanaume mnijibie, mimi nimekwama.