Kaskazi hii, ukoka wa bustani umwagiliwe maji au uachwe ulale?

Mwana wa Ganjoni (mwenye mada)

Asalaam aleikum jamani. Nauliza bila kuzunguka: ni haki ukoka wa bustani za umma kunyweshwa maji Januari na Februari, wakati nyumba ngapi za kisiwani Mombasa zanunua maji kwa jerikeni?

Kilichonitia uchungu ni hiki. Juzi asubuhi nilipita kwenye kibustani kimoja cha mjini, sitakitaja. Lori la maji limeegeshwa, kijana ameshika mpira, maji yapiga juu ya nyasi mpaka yashuka barabarani na mchanga wake. Hatua chache kutoka hapo, mwenzake amekusanya majani ya mkungu, yale mapana mekundu, kayatia kiberiti chini ya mkungu wenyewe. Moshi mpaka madirishani mwa watu. Huku wamwaga maji kwa kuwa udongo haushiki unyevu, na huku wachoma kile kile ambacho kingeufanya ushike.

Msimamo wangu: kaskazi iacheni nyasi ikauke. Ukoka haufi, mizizi iko chini yangojea. Ikianguka mvua ya mwaka, hiyo ya Aprili na Mei, utauona umerudi kijani bila kuombwa. Maji yaliyopo ipewe miche iliyopandwa vuli, ambayo bado mizizi yake haijafika chini. Majani yatandazwe chini ya miti, moto uzimwe. Haya, nipingeni.

Muuza Kachiri

Kaka, wewe wapita, mimi nashinda. Biashara yangu iko Laithausi, ile bustani ya kando ya bahari, au Mama Ngina kama mwapenda jina la vibao. Tangu patengenezwe 2019, watu waja na watoto, watandika leso, wala muhogo na kachiri mpaka magharibi. Wakikuta vumbi hawatandiki. Wasimama ukingoni, watazama meli moja ikiingia Kilindini, wenda zao. Hasara ni yangu.

Na hayo majani yako, usiku huingia nini mle? Nishawahi kuinua gunia langu nikakuta nge. Sitaki mteja wangu amkute chini ya mtoto.

Mwana wa Ganjoni

La nge nakubali, dada. Sikusema majani yatandazwe pale watu wakaapo. Duara chini ya mti, basi, tena yaachane na shina kama upana wa kiganja ili gome lisioze. Na pahala pa kutandika leso, hata mimi sioni ubaya pakipewa maji kidogo. Ninalopinga ni kunywesha eneo zima, mpaka kando za barabara ambako hakai mtu ila paka.

Mzee wa Bamburi

Wanangu, nyinyi mwabishana juu ya udongo mlio nao. Mimi nimeona pahala pasipokuwa na udongo kabisa. Huku kwetu walipochimba mawe ya simiti palibaki uwanja mweupe, jua likipiga huwezi kufungua macho. Mwaka 1971 Rene Haller, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya simiti, akaanza kujaribu miti mle, aina 26, zikashika 3 tu, na uliotangulia ni mvinje. Lakini mvinje una majani kama sindano, magumu, yakianguka juu ya mawe hayaozi, yalundikana tu. Ndipo wakaletwa jongoo. Jongoo wakala, wakanya, na kile kinyesi ndicho kilichogeuka udongo. Leo watu walipa kiingilio kwenda kutazama twiga na kiboko wakikaa kivulini.

Yaani mdudu ambaye nyinyi mwamkimbia ndiye aliyewatengenezea Haller Park. Na chakula chake mwakitia kiberiti kila asubuhi.

Kibarua wa Chepe

Shikamoo wazee. Mimi ndiye huyo kijana wa mpira, au ndugu yake, si kitu.

Niwaambie kazi ilivyo. Msimamizi hupita saa mbili asubuhi. Akikuta jani chini, mimi sikufanya kazi. Hajawahi kuniuliza hata siku moja kama mche umekunywa. Auliza, "Umefagia?" Fagio la chelewa huacha mistari kwenye mchanga, na ile mistari ndiyo risiti yangu. Nikiyaacha majani chini ya mti, hata nikiyapanga duara zuri kama la bwana hapo juu, kwake yeye ni uvivu. Kwa hivyo mkitaka nisifagie, mwambieni anilipaye.

Na kuchoma hatupendi, sisi ndio twavuta ule moshi wa kwanza. Gari la taka lisipopita siku nne, niyapeleke wapi? Nyumbani?

Shangazi wa Tudor

Mwanangu, marahaba. Umesema kweli, na mimi nimeona haya kidogo, maana nilikuwa nimeshaandika maneno makali juu yenu nikayafuta.

Nitie neno la sheria kwa ufupi. Katiba ya 2010 imeweka bustani na fuo mikononi mwa kaunti, lakini kifungu cha 69 kinamtaka kila mtu ashirikiane kuyalinda mazingira, si serikali peke yake. Na sheria ya usimamizi wa taka ya 2022 yataka taka za kuoza zitengwe na nyinginezo. Jani la mkungu ni taka ya kuoza.

Mtu wa Majengo

Sheria haifagii, shangazi. Turudi kwenye maji.

Maji ya chemchemi za Mzima yatoka Tsavo, zaidi ya kilomita 200, yavuka nyika yote hiyo ndio yaje kumwagwa juu ya ukoka saa sita ya mchana. Angalau iwe alfajiri! Msiniambie visima, visima vya kisiwani vingi ni maji ya chumvi. Mnazi utastahimili, ukoka wa kununua kwa vipande na yale maua ya kwenye vyungu hayatastahimili.

Mbona hamtaji maji ya udhu? Msikiti wa kwetu, sala tano kila siku, maji safi yasiyo na sabuni yaingia mtaroni. Kwa bomba moja tu yangefika kwenye miti ya uwanjani. Nililitaja hili baada ya Ijumaa moja, nikaambiwa kamati italiangalia. Hiyo ni mwaka wa pili sasa.

Mwana wa Ganjoni

Hilo la udhu sikulifikiria, na ni bora kuliko langu. Mti mmoja wa mkilifi (mwarobaini) wahitaji nini zaidi ya hapo?

Lakini kuna jambo la miche ambalo hamjaligusa. Tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima ilipewa sikukuu ya kupanda miti. Wakati wenyewe ulikuwa mzuri, mvua za vuli, ardhi imelowa. Mtaani kwetu tulipanda miche sita, picha zikapigwa. Ikaja kaskazi, na hakuna aliyepewa sikukuu ya kumwagilia. Imebaki miwili, yote iko mbele ya mama wa viazi karai, kwa sababu yeye humwaga hapo maji ya kuoshea viazi. Hakuwamo hata kwenye picha.

Muuza Kachiri

Nyinyi wanaume hupenda kupanda. Kulea mwatuachia.

Mzee wa Bamburi

Kweli kabisa.

Kibarua wa Chepe

Mimi ombi langu ni shimo. Nichimbieni shimo moja kila bustani, kina cha magoti, lenye kifuniko cha makuti. Nitafagia kama kawaida, mistari itaonekana, msimamizi ataridhika, na majani nitayatia mle badala ya kuyachoma. Mwezi wa nne tukipanda tena, yatakuwa mbolea. Chepe ninayo, ruhusa sina.

Shangazi wa Tudor

Ruhusa niachie mimi. Jumatatu nitaandika barua kwa kaunti, nitaipeleka kwa mkono, na sitaondoka bila muhuri wa kupokewa.

Muuza Kachiri

Sawa. Lakini shimo lisiwe upande wangu.