Naomba ushauri: Ozempic kwa pesa ya mfukoni, Mbeya

Habari za jioni wakuu, shikamooni mlio wakubwa. Naombeni msaada, hasa wafamasia na mnaoitumia.

Ni kwa ajili ya dada yangu, yuko Mbeya mjini. Kilo 98, urefu sentimita 163, presha anatibiwa, kisukari hana. Mlo umebanwa, ugali umepungua kweli, uzito umegoma. Daktari kamwandikia Ozempic (dawa ya kisukari ambayo pia hupunguza uzito), sindano moja kwa wiki: miligramu 0.25 kwa wiki 4, halafu 0.5. Bima hailipi dawa ya uzito, kwa hiyo ni keshi.

Kalamu (sindano yenye dawa tayari ndani) ya miligramu 2 inatoa dozi 4 za 0.25 na 2 za 0.5, yaani wiki 6. Ya pili, akiwa kwenye 0.5, inaisha kwa wiki 4. Hapo ndipo mfuko unapotoboka.

Maduka ya dawa tuliyouliza hapa wanasema tuagize Dar, ije na basi. Isiyofunguliwa inatakiwa nyuzi 2 hadi 8, na ikishaganda ni ya kutupa hata ikiyeyuka. Konda ataiweka buti au juu ya barafu, vyote hatari. Za mtandaoni zisizo na boksi tumeshazikataa.

Maswali:
1. Kwa safari ya usiku Dar–Mbeya, mnaifungaje kwenye kuliboksi isiguse barafu? Au kuna duka hapa linaloiweka kwenye friji na kutoa risiti?
2. Pesa ikiruhusu 0.5 tu, kuna faida kubaki hapo muda mrefu, au asianze kabisa mpaka awe na akiba, maana akiacha uzito hurudi?