Msingi wa kitalu nyumba kwenye mteremko: nimwage zege sakafu nzima?

Bibi wa Uru
Habarini wana bustani. Nimestaafu ualimu, nipo Uru, Moshi, na sehemu ya kiinua mgongo nimeitengea kitalu nyumba changu cha kwanza: mita 8 kwa 6, nguzo za bomba la chuma, juu nailoni, pembeni neti. Nataka nyanya na hoho. Mahali nilipopachagua ni upande wa chini wa kihamba, yaani shamba letu la nyumbani, migomba inapoishia, karibu na masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka. Pana mteremko. Mjukuu wangu amepima usawa kwa mpira uliojazwa maji, tofauti ya juu na chini ni sentimita 50. Juu kidogo unapita mfongo, yaani mfereji wetu wa kumwagilia, na masika hufurika.

Fundi anasema tuchimbe juu, tujaze chini, halafu amwage zege sakafu nzima, unene sentimita 10. Mifuko 30 ya saruji. Fedha ninayo, lakini ikishatoka haitarudi. Usiku naiwaza ile sakafu: nyanya nitazipanda wapi? Aliyewahi kujenga anieleze, tafadhali.

Mkulima wa Moshono
Shikamoo mwalimu. Nakuomba usimwage zege hilo.

Mimi nipo Moshono, Arusha. Changu nilijengewa 2019, nusu kwenye ardhi iliyochimbwa, nusu kwenye kifusi kilichotupwa kwa koleo siku moja. Kiangazi kilisimama vizuri. Masika yalipokuja, nguzo tatu za upande wa chini zikazama. Wa kwanza kunionyesha ulikuwa mlango: nilizoea kuusukuma kwa kidole, ghafla ikabidi niunyanyue kwa mikono miwili. Nikaweka pima maji kwenye bomba la juu, kiputo kikakimbilia pembeni. Nguzo zilikuwa zimeshuka sentimita 7. Nailoni ikavutika mpaka ikapasuka palepale kwenye bomba la kona, na nyanya zilizokuwa zimeanza kuiva zikanyeshewa wiki nzima. Saruji ilikuwepo ya kutosha. Kilichozama ni kifusi.

Kwa hiyo anza na udongo. Ule mweusi wa juu, sentimita 20 hivi, uondoe wote kwanza uurundike kando. Huo ndio chakula cha nyanya zako, usiufukie. Ndipo uchimbe upande wa juu na kujaza wa chini kwa udongo wa ndani. Jaza tabaka la sentimita 15 tu, nyunyizia maji kidogo, shindilia, kisha tabaka jingine. Shindilio ni rahisi: kopo la rangi lililojazwa zege, likachomekwa mpini wa mti. Finyanga udongo kiganjani: ukishikamana bila kutoa maji, unafaa kushindiliwa. Kanyaga kwa kisigino kila tabaka. Kikiacha shimo, rudia. Ni kazi ya kuchosha, na vijana watataka kuruka tabaka. Kaa nao na kiti chako, mwalimu.

Nguzo za chini zisiishie kwenye kifusi. Mashimo yapite kifusi chote yakae sentimita 60 ndani ya ardhi ambayo haijawahi kuguswa. Ukijaza sentimita 25, shimo ni sentimita 85.

Bibi wa Uru
Marahaba mwanangu, na pole sana kwa nyanya zako. Fundi anashikilia kwamba bila sakafu upepo utaking'oa.

Mkulima wa Moshono
Upepo unazuiwa na mashimo, mama. Nguzo zako, tano kila upande mrefu na mbili kila upande mfupi, ni 14. Shimo la sentimita 30 kwa 30, kina 60, kwa zege la saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne: zote zinakula mifuko mitano hivi. Ongeza mmoja au miwili kwa yale marefu ya chini. Juu ya kila shimo zege liinuke kidogo na literemke pembeni, maji yasituame kwenye bomba likashika kutu. Limwagilie siku 7 kabla ya kuvuta nailoni. Ndani rudisha udongo wako mweusi, na njia ya katikati weka kokoto.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ni mfongo. Chimba mtaro upande wa juu, upana sentimita 30, kina 40, uzunguke kitalu na kutoa maji mbali na kwa jirani. Uchimbwe kabla ya shimo lolote. Na paa lako usilisahau: mvua ya milimita 40 kwenye mita za mraba 48 ni lita 1,900 hivi. Zikidondokea miguuni mwa nguzo zitakula msingi taratibu. Weka mfereji na tenki, utamwagilia kiangazi.

Dada wa Tengeru
Mwalimu, hapo pamewahi kulimwa nyanya au viazi mviringo vikanyauka vikiwa bado kijani? Kama ndiyo, kata shina la mmea ulionyauka ulichomeke kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe unashuka kama moshi, ni mnyauko bakteria, nao hukaa ardhini muda mrefu. Hapo hata msingi wa chuma hautakusaidia, itabidi upande kwenye mifuko yenye udongo wa mahali pengine.

Bibi wa Uru
Asante mwanangu. Hapo palikuwa kahawa tu, na kabla ya kahawa majani ya ng'ombe.

Jumamosi tumepiga kamba. Mjukuu alitaka kuanza kuchimba, nikamwambia kwanza tupime kona kwa kona, maana pande za mita 6 na 8 zikikutana kwa kona ya mraba, ulalo lazima utoe 10. Ulalo mmoja ulitoa mita 10 na sentimita 5, wa pili 9 na sentimita 95. Tukarudi kwenye vigingi mara tatu, tukisogeza vile vya upande wa masale, bila kuyagusa masale yenyewe, mpaka zote mbili zikalingana. Fundi alisimama akitazama, kisha akashika kamba mwenyewe. Mtaro tunauanza kesho asubuhi.