Naomba ushauri: Wilt, Jordan na Curry nawapimaje kwa haki?

Wakuu habari za muda huu, naombeni msaada. Nataka kuwalinganisha nyota wa kikapu Wilt Chamberlain, Michael Jordan na Stephen Curry ila nakwama kwenye sheria maana kila mmoja kacheza kikapu chake. Wilt alitupia pointi 100 mechi moja 1962, enzi hizo NBA (ligi ya kikapu ya Marekani) hata mstari wa pointi tatu hawana, umekuja 1979. Jordan alikuwa anakabwa na mkono kiunoni, kitu ambacho marefa walianza kukibana kweli kweli 2004, halafu Curry msimu wa 2015/16 kazamisha mitupo ya pointi tatu 402, hapo ndo naona mchezo ulibadilika jumla. Sasa nitumie kipimo gani, wastani wa pointi, makombe, au alivyowaacha wenzake wa enzi zake? Wajuzi wa takwimu niongozeni tafadhali.