Fuerteventura (kisiwa cha Hispania): kuanza ubao wa tanga ufuo wa Sotavento

Swali: Wakuu, naenda Julai. Nina kilo 75, ni mgeni kabisa. Nichukue tanga gani? Na ule wangwa wa pale, uwanda wa mchanga unaoingiwa na maji ya bahari, hujaa lini?

Jibu: Ubao wa lita 180 kwenda juu, wenye mkuku wa katikati (bapa la chini linalozuia ubao kwenda upande). Tanga mita 3 za mraba. Julai upepo hauna mzaha. Wangwa hujaa siku za bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Siku za maji mafu, maji yasipopanda sana, mchanga mtupu.

Jibu: Kuinua tanga: upepo mgongoni, mguu mmoja kila upande wa mlingoti, magoti yakunjwe, mgongo wima. Usivute kwa pupa. Tanga limebeba maji, yaache yachuruzike kwanza. Viuno vingi huumia hapo.

Jibu: Upepo wa pale unasukuma kuelekea baharini! Usitoke wangwani kabla hujajua kupiga bisho, yaani kupanda upepo kwa kona kona. Ukizidiwa, achia tanga, ubao usiuache.