Mrejesho: taa za dharura zilizokuwa zinazima mapema

Wadau, nimerudi. Niliuliza kwa nini taa za dharura za ngazi, hapa Dar, zilizoandikwa kuwa hudumu saa 3 umeme ukikatika, zinazima baada ya dakika chache, tena ghorofa ya juu tu. Fundi kazifungua: betri zimevimba, plastiki imegeuka rangi ya chai. Juu ya ghorofa hiyo ni bati tupu, na Januari pale hapakaliki! Betri hizi za asidi hupoteza takribani nusu ya maisha kwa kila nyuzi 10 joto linapopanda juu ya nyuzi 25. Tumeweka mpya, taa tumezishusha ukutani. Kitufe cha kujaribu taa tunabonyeza kila mwezi. Jaribio la kuziacha ziwake saa 3 mfululizo ni la kila mwaka, nusu ya taa kwanza ili nyingine zibaki tayari, maana kuchaji upya huchukua hadi saa 24. Aliyesema tatizo ni umeme mdogo: tulipima, unafika vizuri.